Mkasi na Kumbukumbu: Uhakiki wa Kolaji Zinazotokana na Picha za Zamani na Vitu vya Ukumbusho wa Familia

Utangulizi

Aghalabu mhakiki wa sanaa huianza kazi yake kwa kutenga mambo mawili, yaani fani na maudhui. Katika shairi, fani ni vina, mizani na mpangilio wa beti. Maudhui ni yale yasemwayo. Mgawanyo huu una manufaa yake darasani, lakini iko sanaa moja inayoutia mashakani tangu mwanzo. Sanaa hiyo ni kolaji, hasa ile inayotengenezwa kwa picha za zamani za familia pamoja na vitu vya ukumbusho kama vile barua, leso, glavu, vifungo, vyeti na vikorokoro vinginevyo vya sandukuni. Mchoraji wa rangi hupokea rangi ambayo bado haijasema lolote. Msanii wa kolaji hupokea picha ya harusi. Picha hiyo ina watu, ina siku na mahali, na pengine ina mtu aliyeitunza kwa miaka arobaini kabla haijafika mezani pa msanii. Kwa hivyo mali ghafi yake tayari ina maudhui, na tendo la kwanza la fani, yaani kukata kwa mkasi, huyagusa maudhui hayo moja kwa moja.

Suala linalozuka ni hili: msanii ana haki gani ya kuikata kumbukumbu, na ni kwa kipimo gani mhakiki aweza kusema kwamba mkato huu umefaa na ule umeharibu? Makala haya yanalichunguza suala hilo kupitia kazi za wasanii wanne, nao ni Romare Bearden na Betye Saar wa Marekani, Santu Mofokeng wa Afrika Kusini, na Njideka Akunyili Crosby, mzaliwa wa Nigeria aliyehamia Marekani. Baadaye kipimo kinapendekezwa kutoka katika ushairi wa Kiswahili, ambamo tatizo la kuiongezea kazi ya marehemu bila ya kuifuta limeshughulikiwa kwa muda mrefu.

Asili ya kolaji na upotofu wa historia yake

Jina la kolaji limetokana na kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kubandika kwa gundi. Vitabu vingi vya historia ya sanaa huianzisha habari yake mwaka 1912 mjini Paris, wakati Pablo Picasso na Georges Braque walipoanza kubandika karatasi na vitambaa vya mafuta juu ya michoro yao. Tarehe hiyo ni sahihi kwa kadiri ya tapo la wachoraji wale. Hata hivyo, ikichukuliwa kuwa ndiyo asili ya ubandikaji wa picha, inapotosha.

Mwaka 1854 mpiga picha wa Paris, Disdéri, alipata hataza ya njia ya kutoa picha ndogo zenye ukubwa wa kadi ya kujitambulisha. Picha hizi zilikuwa rahisi, zikasambaa, na familia zikaanza kuzikusanya katika albamu. Katika miaka ya 1860 na 1870 wanawake wa tabaka la juu nchini Uingereza walizikata picha za jamaa na marafiki zao na kuzibandika katikati ya michoro ya rangi za maji waliyoichora wenyewe. Kichwa cha mjomba kiliwekwa juu ya mwili wa bata, na wageni wa karamu walitokeza ndani ya mkoba au kipepeo. Kazi hizo zilihesabiwa kuwa mchezo wa sebuleni kwa sababu watengenezaji wake walikuwa wanawake na mahali pake palikuwa nyumbani. Zaidi ya miaka arobaini baadaye, wanaume walipofanya tendo la namna moja katika karakana, tendo hilo likaitwa mapinduzi.

Jambo hili lafaa kukumbukwa, kwani linafafanua kwa nini Hannah Höch, alipotengeneza kolaji yake kubwa ya picha mjini Berlin mwaka 1919 na 1920, alikitaja kisu cha jikoni katika anwani ya kazi yake. Alikuwa akiirudisha zana hiyo kwa wenyewe. Kolaji ya picha za familia, kwa hiyo, si mtoto mdogo wa sanaa ya Paris. Ni sanaa ya nyumbani iliyotangulia, na mhakiki anayeipima kwa vipimo vya karakana peke yake atakuwa amekosea tangu hatua ya kwanza.

Bearden: kumbukumbu za mtu kwa sura za wengine

Romare Bearden alizaliwa mwaka 1911 huko Charlotte, North Carolina, akakulia Harlem, New York, familia yake ilipohamia kaskazini kama zilivyohama familia nyingi za Wamarekani weusi wakati ule. Mwaka 1963 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kundi la wasanii weusi lililoitwa Spiral. Aliwapendekezea wenzake watengeneze kolaji kwa pamoja; pendekezo halikushika, naye akaendelea peke yake. Matokeo yalionyeshwa mjini New York mwaka 1964 chini ya anwani ya Projections. Alikuwa ametengeneza kolaji ndogo kwa vipande vya magazeti, kisha akazitoa kwa njia ya upigaji picha katika ukubwa wa kuta, nyeusi na nyeupe.

Katika kazi kama The Dove na Conjur Woman za mwaka huo, hakuna sura iliyo nzima. Jicho limetoka kwa mtu mmoja, shavu kwa mwingine, na pengine pua imetoka katika picha ya kinyago cha Afrika. Mikono ni mikubwa kuliko inavyostahili kwa mwili. Hata hivyo mada zake ni za kwao: treni ipitayo mashambani, mganga wa kike, mtaa wa Harlem wenye watu vizingitini. Bearden anakumbuka mambo yake mwenyewe, lakini anayakumbuka kwa nyuso za watu asiowajua.

Wapo watakaosema kwamba huo ni udhaifu. Lakini hoja hiyo inasahau hali ya jamii anayoieleza. Familia iliyohama, iliyotoka katika nchi ambayo babu wa babu aliuzwa bila ya jina la ukoo, haina albamu kamili ya kufungua. Inalazimika kuikamilisha sura ya nyanya kwa vipande vinavyopatikana. Uso wenye mishono wa Bearden ni uyakinifu wa aina yake. Unaonyesha jinsi kumbukumbu ya watu waliotawanywa inavyoundwa kweli. Na kwa kuwa alikata magazeti, yaani karatasi zilizochapwa kwa maelfu, mkasi wake haukumnyang'anya mtu ukumbusho wake wa pekee. Tatizo la haki ya kukata halijamfikia bado.

Saar: kitu chenyewe

Tatizo hilo linamfikia Betye Saar. Saar alizaliwa Los Angeles mwaka 1926. Alipokuwa mtoto, akimtembelea nyanya yake katika mtaa wa Watts, aliiona minara ambayo Simon Rodia alikuwa akiijenga kwa vyuma, vigae, chupa zilizovunjika na kombe. Mwishoni mwa miaka ya 1960 aliyaona maonyesho ya masanduku ya Joseph Cornell, yaliyojaa vitu vidogo vilivyopangwa nyuma ya kioo. Kutokana na mambo hayo mawili akapata fani yake, nayo ni sanduku, dirisha kuukuu, au trei ambamo vitu vilivyookotwa na vilivyorithiwa huwekwa pamoja.

Kazi yake mashuhuri kuliko zote, The Liberation of Aunt Jemima ya mwaka 1972, haikutokana na vitu vya familia. Imetokana na vitu vya kudhalilisha vilivyouzwa madukani. Ndani ya sanduku amesimama mtumishi mweusi wa kike mnene, mwenye kilemba na tabasamu, sanamu ya aina iliyowekwa jikoni mwa Wazungu. Nyuma yake nembo ya unga wa chapati za maji imerudiwa tena na tena. Saar amempa ufagio mkono mmoja na bunduki mkono wa pili, na mbele yake kuna ngumi iliyokunjwa. Ilipofika mwaka 2021 jina hilo la biashara liliondolewa sokoni.

Mwaka 1975, baada ya kufariki kwa mwanamke mzee wa ukoo wake aitwaye Hattie, Saar alitengeneza Record for Hattie kwa vitu vya aina iliyobaki katika chumba cha marehemu. Zana ni zilezile, lakini maadili yamegeuka. Katika kazi ya 1972 msanii anakikamata kitu cha adui na kukilazimisha kusema kinyume cha kilichokusudiwa. Hapa ukali wa namna hiyo ungekuwa dhuluma. Basi Saar hakati. Anapanga. Kila kitu kinabaki na umbo lake, nacho kinapewa jirani, na maana inazaliwa katika ujirani huo.

Msomaji wa Al-Inkishafi ataukumbuka mpangilio wa namna hii. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alipotaka kuonyesha kuporomoka kwa Pate, hakutaja hesabu za vita wala majina ya masultani peke yake. Aliitazama nyumba, akavitazama vidaka vya ukutani vilivyokuwa vimepangwa vyombo vya kauri, na sasa vimekuwa makao ya ndege. Kidaka cha nyumba ya Waswahili kilikuwa tayari ni sanaa ya kupanga vitu vya thamani ya ukoo, na utupu wake ulitosha kuieleza historia nzima. Sanduku la Saar lina nguvu ya kidaka hicho kabla hakijawa tupu.

Hata hivyo kuna upungufu usiofaa kufichwa. Mtazamaji asiyemjua Hattie anaona vitu vya mwanamke mzee yeyote. Hattie mwenyewe, aliyekuwa mtu mmoja mwenye tabia zake na maneno yake, amekaribia kugeuka kielelezo cha wazee wote wa zamani. Jina katika anwani ndilo pekee linalomzuia asipotee. Lingeondolewa jina hilo, sanduku lingebaki zuri, bali lingekuwa limepoteza nusu ya ukweli wake.

Mofokeng: msanii asiyekata

Umuhimu wa jina ndio uliomsukuma Santu Mofokeng, aliyezaliwa mwaka 1956 na kufariki mwaka 2020, kutafuta njia nyingine. Katika miaka ya 1990 alizitembelea familia za Waafrika wa mijini nchini Afrika Kusini akazinakili picha zao za zamani, zilizopigwa studio tangu mwaka 1890 hadi 1950. Kazi hiyo, The Black Photo Album / Look at Me, huonyeshwa kwa slaidi themanini. Watu wamevaa suti, kofia na gauni za wakati wao. Wameketi kwa heshima mbele ya mapazia yaliyochorwa. Katikati ya picha kunatokea slaidi za maandishi zinazotaja majina na mahali pale yanapojulikana, na zinazouliza maswali pale yasipojulikana.

Ili kuuelewa uzito wake yafaa kuzikumbuka picha zilizokuwa zikitolewa na serikali na wasomi katika kipindi kile. Alfred Duggan-Cronin alichapisha kati ya mwaka 1928 na 1954 mfululizo mkubwa wa picha za Waafrika waliopangwa kikabila, wakiwa katika mavazi na mazingira yaliyowaonyesha kama watu walio nje ya wakati. Picha za Mofokeng zinawaonyesha watu wa nchi hiyohiyo wakijichagulia wenyewe jinsi ya kuonekana.

Mofokeng hakukata wala hakubandika. Je, kazi yake yaweza kuitwa kolaji? Kwa maana finyu ya gundi, la. Lakini kupanga picha na maandishi kwa zamu, ili kila kimoja kiusahihishe kingine, ni tendo la kolaji lililohamishwa kutoka katika nafasi hadi katika wakati. Faida yake ni kwamba picha ya familia imebaki na familia, na mtu hakupoteza mkono wala mandhari yake kwa ajili ya uzuri wa kazi. Hasara yake ni kwamba sauti ya msanii imekuwa ndogo mno. Maswali anayoyauliza ni ya haki, lakini kuna jambo ambalo swali haliwezi kulitenda na ambalo kiraka hulitenda, nalo ni kuziweka nyakati mbili katika uso mmoja.

Akunyili Crosby: nakala kama njia ya tatu

Njideka Akunyili Crosby alizaliwa Enugu mwaka 1983, akahamia Marekani mwaka 1999. Michoro yake ni mikubwa na mwanzoni huonekana kuwa ya kawaida: chumba, meza, watu wameketi. Mtazamaji akisogea, anaona kwamba ukuta, sakafu na hata ngozi ya watu imejaa picha ndogondogo. Picha hizo zimetoka katika albamu ya familia, magazeti ya Nigeria, majalada ya santuri, na vitambaa vyenye sura za watu vinavyochapwa kwa ajili ya siasa, harusi na matanga, ambavyo havitofautiani sana na kanga na vitenge vyenye sura za viongozi katika Afrika Mashariki. Msanii huzitoa picha hizo kwa mashine ya kunakili, huzilaza kifudifudi juu ya karatasi, akazisugua kwa asetoni hadi wino uhame. Kinachobaki ni kivuli cha picha, kilichofifia kidogo, na picha ya asili inarudi katika albamu ikiwa nzima.

Mbinu hii ina maana kuliko urahisi wake. Wino uliohama ni wa mtu aliyehama. Picha imefika upande wa pili, lakini haikufika na rangi zake zote. Katika Mama, Mummy and Mamma ya mwaka 2014, mwanamke kijana ameketi mezani, na sura za mama na nyanya zimetundikwa ukutani. Vizazi vitatu vimekaa katika chumba kimoja, na chumba chenyewe kimejengwa kwa picha za nchi waliyotoka. Hapa fani na maudhui havitengeki. Tofauti ya mtu aliyechorwa kwa rangi na ukuta uliohamishwa kwa asetoni ndiyo tofauti ya aliyeko na aliyeachwa.

Lakini wingi huo una hatari. Mtazamaji asiyeijua Nigeria, naye ndiye aliye wengi katika majumba ya sanaa ya New York na London, huziona picha hizo kama urembo wa kitambaa. Kiongozi wa nchi, mwimbaji na jamaa wa msanii huwa ni madoa yanayofanana. Kazi inategemea hadhira inayosoma, nayo mara nyingi hupewa hadhira inayotazama tu. Kosa hilo ni la hadhira kuliko la msanii, lakini mhakiki hana budi kulitaja.

Kipimo: mfano wa takhmisi

Ushairi wa Kiswahili umeshughulikia tatizo la mkasi kwa utaratibu maalumu. Katika takhmisi, mtunzi huchukua shairi la mtangulizi wake, akauongezea kila ubeti mishororo yake hadi itimie mitano. Ndivyo Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alivyolifanyia shairi linalonasibishwa na Fumo Liyongo. Maneno ya Liyongo hayakufutwa. Yamezungukwa, yamefafanuliwa, pengine yamegeuzwa mwelekeo. Lakini mwenye kutaka kuyatenga aweza kuyatenga. Sheria ya vina inamlazimisha mtunzi wa pili kumfuata wa kwanza, si kinyume chake.

Kutokana na utaratibu huo, maswali matatu yaweza kuulizwa mbele ya kolaji yoyote ya vitu vya familia. Kwanza, je, asili yaweza bado kusomeka, ama ndani ya kazi ama mahali pengine palipo salama? Pili, je, mwenye sura amebaki na jina lake? Tatu, je, kiraka kimesema jambo ambalo asili peke yake isingelisema? Mofokeng anajibu vyema maswali mawili ya kwanza na kwa sauti ya chini lile la tatu. Saar anajibu vyema la kwanza na la tatu, na la pili linaning'inia kwa uzi wa anwani. Akunyili Crosby ndiye aliye karibu zaidi na takhmisi, kwa kuwa asili yake imebaki nzima na maneno yake mapya yanafuata vina vya albamu. Bearden yuko nje ya hesabu hii kwa sababu alianza pasipo na asili ya kutunzwa, na ukosefu huo ndio aliouchora.

Mintarafu ya Afrika Mashariki

Pwani ya Afrika Mashariki si mgeni wa mambo haya. Katika karne ya kumi na tisa na mwanzoni mwa ya ishirini, studio za Zanzibar, kama ile ya A. C. Gomes, ziliuza picha na kadi za posta za wenyeji, na wengi wa waliopigwa picha hizo hawakutajwa majina. Kwa upande mwingine, Omar Said Bakor wa Lamu, katika studio aliyoifungua miaka ya 1960, aliunganisha picha za wateja wake na picha nyingine kwa ubunifu wake mwenyewe, akawaweka mahali ambapo kamera haikuwahi kufika. Msanii wa leso la leo anayezitumia kadi za kale na yule anayezitumia picha za studio za mtaani hawafanyi kazi moja. Wa kwanza anashughulika na mtu aliyenyang'anywa jina. Wa pili anashughulika na mtu aliyelipa ili aonekane apendavyo. Mkasi unaofaa kwa kadi ya Gomes, kama bunduki ya Saar ilivyofaa kwa Aunt Jemima, waweza kuwa ukosefu wa adabu kwa picha ya mteja wa Bakor.

Lipo jambo moja zaidi, nalo linawahusu wanalugha kuliko wachoraji. Picha ya familia ina pande mbili. Nyuma yake aghalabu kuna muhuri wa studio, tarehe, na maneno ya mkono ya mtu aliyempelekea jamaa au rafiki ukumbusho, mara kwa hati za Kirumi, mara kwa hati za Kiarabu. Maneno hayo ni utanzu mfupi wa maandishi ya Kiswahili wenye salamu zake, tahajia zake na lahaja zake, ulioandikwa na watu ambao pengine hawakuacha andiko jingine lolote. Gundi ikipakwa, upande huo hausomeki tena. Hasara hiyo haionekani katika kolaji iliyokamilika, na kwa hivyo hakuna mtazamaji atakayeilalamikia.

Tamati

Makala haya hayakusudii kuiondoa kolaji katika orodha ya sanaa zinazofaa kufunzwa na kuhakikiwa. Kinyume chake, yameonyesha kwamba ni sanaa ya nyumbani yenye historia ndefu kuliko inavyodaiwa, na kwamba inaulazimisha uhakiki kuufikiri upya mgawanyo wa fani na maudhui. Kinachodaiwa ni kwamba uzuri wa mpangilio hautoshi kuuhalalisha mkato. Kumbukumbu ya familia ni kauli ya mtu mwingine, na msanii anayeitumia yumo katika nafasi ya mtunzi wa takhmisi: ana uhuru mkubwa katika mishororo yake, na hana uhuru wa kuifuta ile ya mwenzake. Nakala ipigwe kabla ya mkasi kushikwa, nyuma ya picha isomwe na kuandikwa, na jina liulizwe kwa walio hai wakingali wanalijua. Idara za lugha zilizozoea kukusanya ngano na methali kwa vinywa vya wazee zina kila sababu ya kuanza kuwauliza wazee haohao habari za albamu zao.